Chupa ya Appert na mavuno ya bustani yako

Umevuna nyanya na maharage mabichi nyuma ya nyumba mpaka majirani wamechoka kugawiwa. Utafanyaje?

Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimzawadia Nicolas Appert, mtengeneza peremende, faranga 12,000 kwa jibu lake: jaza chakula kwenye chupa, ziba vizuri, chemsha ndani ya maji. Kilidumu miezi! Lakini kwa nini? Mwenyewe hakujua. Ilipita miaka 50 hivi ndipo Louis Pasteur akaonyesha kuwa waharibifu ni vijidudu.

Ila usikimbilie jikoni. Maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 100, na spora za bakteria Clostridium botulinum hustahimili joto hilo. Ndani ya chupa isiyo na hewa huamka, na sumu yake inaua. Uchachu wa kutosha humzuia, ndiyo maana achari hutiwa siki au ndimu. Maharage hayana uchachu huo; kuyaweka kwenye chupa kunahitaji mtambo wa shinikizo unaopita nyuzi 115.

Huna? Basi anika, kama Wasukuma wanavyofanya michembe ya viazi vitamu. Pasipo maji, bakteria hakui.