Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio: Je, programu za kumsaidia daktari zinamfahamu mgonjwa wa Juba?

Mgonjwa anapofikishwa katika kitengo cha dharura moyo ukimwenda mbio bila mpangilio, daktari hukabiliwa na maamuzi mawili ya haraka: autulize vipi moyo huo, na je, amwanzishie mgonjwa dawa ya kuzuia damu kuganda? Katika nchi tajiri, programu za kompyuta sasa humsaidia kuamua. Kwa Hospitali ya Mafunzo ya Juba, hospitali kuu ya rufaa ya Sudan Kusini, kupatikana kwa programu kama hizo ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili ni kama ziliundwa kwa kumfikiria mgonjwa wa huko.

Katika aina ya maradhi haya inayoonekana zaidi, vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu. Damu hutuama, huganda, na kipande kikisafiri hadi kwenye ubongo huleta kiharusi. Hatari ya kiharusi huongezeka takriban mara tano. Kasi ya moyo ndiyo inayomtisha mgonjwa, lakini bonge la damu ndilo linaloweza kumlemaza.

Programu nyingi hutegemea alama ziitwazo CHA2DS2-VASc, zilizochapishwa mwaka 2010. Shinikizo la damu, kisukari, moyo kushindwa kufanya kazi na maradhi ya mishipa ya damu hupewa alama moja kila kimoja; kiharusi cha awali na umri wa miaka 75 au zaidi, alama mbili. Umri wa miaka 65 hadi 74 una alama moja, na kuwa mwanamke alama moja, ingawa mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 uliondoa kigezo hicho cha jinsia. Kaskazini mwa California, watafiti wa Kaiser Permanente wamejaribu programu ya aina hii katika vitengo 13 vya dharura.

Sasa tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 28 ambaye vali ya moyo wake imekuwa nyembamba kutokana na homa ya rumatiki aliyoipata utotoni, homa inayotokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Kwa alama hizo atapata moja, au sufuri. Ukweli ni kwamba anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda bila kujali alama, na waliotunga alama hizo hawakuzikusudia kwa mgonjwa kama yeye. Umri huo si wa kubuni tu: katika utafiti wa REMEDY uliofanyika katika nchi 12 za Afrika, India na Yemen, nusu ya wagonjwa wa ugonjwa huu walikuwa na miaka 28 au chini.

Hata uchaguzi wa dawa hubadilika. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24, ulionyesha kuwa waliotumia dawa za kundi la warfarin walifariki wachache kuliko waliopewa rivaroxaban, dawa mpya isiyohitaji vipimo vya mara kwa mara. Warfarin huhitaji damu kupimwa kila baada ya muda, hudhoofishwa na ongezeko la ghafla la mboga za majani, na inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kwa hiyo chombo kinachofaa Juba, kiwe programu ya simu isiyotegemea intaneti au karatasi iliyobandikwa ukutani (nayo ni chombo cha uamuzi), kingeanza na vali kabla ya umri: je, kuna mlio usio wa kawaida moyoni, je, kipimo cha mawimbi ya sauti kinapatikana? Kisha kiulize kuhusu ujauzito, na mahali ambapo damu itapimwa wiki ijayo.

Swali la upasuaji wa vali ni gumu zaidi. Kituo cha Salam mjini Khartoum, kilichofunguliwa mwaka 2007 na shirika la Italia la Emergency, kilifanya upasuaji wa moyo bila malipo, hata kwa wagonjwa wa nchi jirani. Vita vilizuka katika mji huo Aprili 2023.