S&M: Siku Metallica walipopanda jukwaani na okestra nzima

S&M ni albamu ya laivu ya bendi ya roki ya Marekani, Metallica, waliyoipiga pamoja na okestra ya San Francisco Symphony. Ilirekodiwa usiku wa Aprili 21 na 22, 1999, kwenye ukumbi wa Berkeley Community Theatre, California. Ikaingia sokoni Novemba mwaka huohuo ikiwa na CD mbili na nyimbo 21.

Aliyeandika sehemu za okestra na kuiongoza jukwaani ni Michael Kamen, mtu aliyeshafanya kazi na Pink Floyd kwenye The Wall. Metallica walikuwa wanamjua. Ndiye aliyepanga muziki wa okestra kwenye Nothing Else Matters ya mwaka 1991, ila katika rekodi ile fidla zilishushwa sana. Ukisikilizia spika ya simu unaweza usizigundue kabisa.

Safari hii hakukuwa na kujificha, na kazi haikuwa nyepesi. Gitaa la umeme na dramu za Lars Ulrich zinaweza kuimeza fidla bila shida. Kamen hakutaka okestra iwe ya kuitikia tu, hivyo aliiandikia njia yake yenyewe. Kwenye nyimbo za kasi kama Battery, ukweli ni kwamba pande mbili zinagombania nafasi na sikio linachoka. Lakini kwenye The Call of Ktulu, wimbo usio na maneno, kila kitu kinakaa sawa: okestra inajenga hofu taratibu, bendi inaingia kwa uzito. Wimbo huo uliwapa tuzo ya Grammy mwaka 2001.

Kuna nyimbo mbili mpya pia, -Human na No Leaf Clover. Huo wa pili ulishika namba moja kwenye chati ya roki ya Billboard. Albamu yenyewe ilianzia namba mbili Marekani.

S&M ndiyo albamu ya mwisho ya Metallica kutoka akiwa bado kundini mpiga besi Jason Newsted, aliyeondoka Januari 2001. Kamen naye alifariki London mwaka 2003, akiwa na miaka 55.

Septemba 2019 bendi ilirudia jambo hilo ukumbi wa Chase Center, San Francisco, na S&M2 ikatoka 2020. Humo Scott Pingel wa okestra anasimama peke yake na besi kupiga Anesthesia, kipande cha Cliff Burton, mpiga besi wa zamani aliyependa sana muziki wa klasiki na kufariki kwa ajali ya basi Sweden, 1986, akiwa na miaka 24 tu.

Kama bando lako ni la kuhesabu, anza na No Leaf Clover, halafu The Call of Ktulu. Na vaa hedifoni.