Jembe Bila Daftari

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao. Walikuwa wanapinga mpango mpya wa kuwalazimu wasomi kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa miaka miwili: miezi michache kambini, kisha kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Bango mojawapo lilidai kuwa afadhali enzi za mkoloni. Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu wanafunzi 400 warudi makwao. Hapohapo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Kisa hiki husimuliwa ama kama jeuri ya vijana ama kama ubabe wa rais, inategemea unamuuliza nani. Swali lililokuwa chini yake bado halijazeeka: msomi anadaiwa nini na mkulima aliyemlipia masomo kwa kodi yake? Miezi mitano baadaye, Machi 1967, Nyerere alitoa jibu refu zaidi katika kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea.

Wengi tunakikumbuka kijitabu hicho kwa shamba la shule. Anayekisoma leo atakuta mengi zaidi. Kazi ya mbolea ielezwe katika somo la sayansi, kisha ionekane shambani. Mapato na matumizi ya shamba yaandikwe. Wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua fedha zitumikeje. Kwa maneno mengine, jembe na daftari viende pamoja.

Mahali vilipokwenda pamoja, matunda yalionekana, hata nje ya shule. Sensa ya 1967 ilikuta takriban theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni kubwa ikafuata. Walimu wa shule za msingi walibeba mzigo mkubwa, lakini hata wanafunzi wa madarasa ya juu walishika chaki jioni. Hebu fikiria binti wa darasa la saba anamsahihisha mjomba wake herufi, tena mjomba ambaye nyumbani hathubutu kumjibu! Kwa takwimu za serikali, kufikia 1986 wasiojua kusoma walikuwa chini ya asilimia 10. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1973, ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni mbili walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, wakajadili maradhi, wakainuka kwenda kuchimba vyoo.

Halafu daftari likadondoka. Waliosoma shule za msingi baada ya hapo wanaijua picha: jembe begani, dumu la maji mkononi, fagio la chelewa kwapani. Anayechelewa paredi anapimiwa kipande cha kulima. Mwalimu wa Elimu ya Kujitegemea anagawa zamu, mahindi yanavunwa, na mtoto hajui gunia limeuzwa bei gani wala fedha zimeingia mfuko upi. Kazi iliyokusudiwa kuwa somo ikawa adhabu, na mzazi aliyeadhibiwa hivyo ana kila sababu ya kununa mwanawe anapoambiwa aje na jembe. Simlaumu.

JKT nayo iliponzwa na hazina. Mafunzo ya lazima yalisitishwa mwaka 1994 kwa ukosefu wa fedha, yakarejeshwa 2013 kwa muda mfupi zaidi, na kwa miaka kadhaa kambi hazikuwa na nafasi za kuwatosha wahitimu wote wa kidato cha sita. Utumishi wa vijana haukufa kwa kukosa vijana. Ulikosa bajeti.

Majirani zetu Kenya wameliingiza somo la huduma kwa jamii kwenye mtaala wa umilisi, na katika sekondari ya juu ni la lazima. Sisi tulizindua sera mpya ya elimu mwanzoni mwa 2025, ikiwa na mkondo wa amali. Nafasi ipo. Ila huduma yenye somo ndani yake ina gharama: nauli ya kuwafikisha wanafunzi zahanati au kijijini, mwalimu aliyepunguziwa vipindi ili awasimamie, na saa za kurudi darasani kuandika walichokiona. Kuitaja kwenye sera bila kuitengea fungu ni kurudi kwenye shamba la adhabu.

Kwa hiyo, mheshimiwa mbunge, bajeti ya elimu itakapofika mezani Dodoma, uliza fungu la kazi hii ni lipi. Nawe mzazi, ukiitwa kikao cha shule, usiishie kulalamika kwamba watoto wanalimishwa. Omba uletewe daftari la shamba, na uombe wanafunzi wenyewe ndio walisome mbele ya kikao.