Kusoma Maandiko kwa Macho ya Moyo: Chimbuko la Mazoezi ya Kiroho

Desturi ya Wakristo ya kusoma Maandiko Matakatifu kwa kuyajengea picha akilini ilikuwa imekita mizizi katika monasteri za Ulaya muda mrefu kabla ya karne ya 16. Katika karne ya 12, Guigo wa Pili, mmonaki wa shirika la Wakartusi, aliueleza usomaji huo kuwa ngazi yenye vidato vinne, yaani kusoma, kutafakari, kusali na kutulia mbele ya Mungu. Naye Ludolph wa Saxony, Mkartusi wa karne ya 14, aliandika kitabu kirefu juu ya maisha ya Kristo, akimhimiza msomaji ayashuhudie matukio ya Injili kana kwamba yanatendeka mbele yake.

Kitabu hicho kilimfikia Ignatius wa Loyola, askari wa Hispania, alipokuwa akiuguza mguu uliovunjwa na mzinga huko Pamplona mwezi Mei 1521. Kitandani aliwaza mara ushujaa wa vitani, mara mwenendo wa watakatifu, na mawazo yote mawili yalimpendeza. Lakini yale ya kwanza yalipopita yalimwacha mkavu, ilhali ya pili yalimwachia furaha iliyodumu.

Kutokana na utambuzi huo, na sala zake za Manresa kuanzia 1522, kilizaliwa kitabu cha Mazoezi ya Kiroho, ambacho Papa Paulo wa Tatu alikiidhinisha mwaka 1548. Kwa mfano, anapotafakari kuzaliwa kwa Yesu, anayeyafanya mazoezi hayo huiwaza kwanza njia ya kutoka Nazareti hadi Bethlehemu, urefu na upana wake, kisha huwatazama watu na kuyasikiliza maneno yao, na mwishoni huuchunguza moyo wake: je, una faraja, yaani ongezeko la imani, tumaini na mapendo, au una ukiwa, yaani giza na fadhaa? Aliye katika ukiwa hufundishwa asitangue uamuzi alioufanya wakati wa faraja, bali avumilie akijua kwamba faraja itarudi.

Ignatius alianza kuwafundisha wengine njia hii angali mlei, yaani muumini asiye padri, jambo lililomtia gerezani Alcalá mwaka 1527. Hata hivyo hakuiacha, na kwa uthabiti huo hazina ya wamonaki iliwafikia watu wa kawaida, wakajifunza kwamba tumaini linaweza kulindwa hata pale hisia zinapolikana, mradi msomaji aingie katika Neno kwa fikra hai na aupime moyo wake kwa ukweli.