Mizani Iliyotangulia Zilzala

Jumanne ya tarehe 17 Oktoba 1989, saa kumi na moja na dakika nne jioni, zilzala iliyodumu kitambo cha sekunde chache ilitikisa kaskazini ya California, ikaua watu 63 na kupasua kuta za Chuo Kikuu cha Stanford. Ada ya wanazuoni ni kufika baada ya msiba, wakamwuliza aliyepatwa nao hali yake ilikuwaje zamani, naye, ambaye kumbukumbu zake zimekwisha kuchanganyika na uchungu, hujibu kwa kadiri ya uchungu huo. Safari hii karatasi zilitangulia: siku 14 kabla ya zilzala, Susan Nolen-Hoeksema, mwalimu wa elimu ya nafsi chuoni hapo, alikuwa amekwisha kuwahoji wanafunzi, pasipo kujua ardhi imeficha nini.

Hakutaka kujua tu wana huzuni gani, bali pia huzuni ikiwajia hufanya nini: hutoka wakaongea na rafiki, au hujitenga, wakairudia dhiki ile ile na kuuliza kwa nini wao tu? Tabia hiyo ya pili huitwa na wataalamu kwa neno la asili ya Kilatini lenye maana ya kucheua, na aliyepata kumwona ng'ombe amelala kivulini hahitaji tafsiri. Ila ng'ombe hupata riziki katika kucheua kwake, na mwenye huzuni hutafuna usiku kucha akaamka na njaa. Mizani ya Nolen-Hoeksema ya kupima tabia hiyo, kwa umbo lililoenea baadaye, ina maswali 22, kila moja likijibiwa kwa daraja nne, kuanzia karibu kamwe hadi karibu daima.

Yeye na mtafiti mwenzake Jannay Morrow waliwarudia wanafunzi 137 siku 10 baada ya zilzala, na tena baada ya majuma 7. Waliokuwa wacheuaji tangu awali ndio waliozidi kuelemewa na huzuni, hata ilipohesabiwa huzuni waliyokuwa nayo kabla.

Ikazuka hoja ya haki: maswali kadhaa yalikuwa yakipima huzuni yenyewe kwa jina jingine. Mwaka 2003 Nolen-Hoeksema na wenziwe waliyaondoa 12, yakabaki 10, matano ya kusononeka na matano ya kutafakari. Na katika haya ya kutafakari limo moja linalouliza kama mtu huyaandika mawazo yake, kisha akayachunguza.