Shabu-shabu: Nyama Iliyokuwa Mwiko kwa Wajapani



Mimi mzaliwa wa Mwamanyili, Simiyu. Kwetu harusi bila ng'ombe watu watasema mwaka mzima. Kumbe Wajapani walikaa zaidi ya miaka 1,000 nyama hiyo ikiwa mwiko! Mwaka 675 Mfalme Tenmu, akifuata mafundisho ya Kibudha, alikataza kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku miezi ya kilimo. Ng'ombe alikuwa wa kulima. Makatazo yakarudiwa na wafalme wengine, hadi 1872 ilipotangazwa kuwa Mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama ya ng'ombe. Watu wakamfuata, sukiyaki ikashika.

Shabu-shabu ilikuja baadaye. Jina lilitolewa mwaka 1952 na mgahawa wa Suehiro, Osaka, kwa mlio wa nyama ikisuuzwa kwenye maji ya moto. Nyama hukatwa nyembamba kama shifoni. Sufuria inachemka katikati ya meza, kila mtu anachovya yake, kisha kabichi na uyoga. Ni kama sisi na sinia letu.

Ila bibi harusi, ukialikwa uliza kwanza. Sukiyaki na michuzi mingi hutiwa sake au mirin, nazo ni pombe. Uliza na nyama imechinjwaje. Au pika kwako: gandisha steki kidogo ikatike vizuri, chemsha supu ya mboga, saga ufuta na ndimu uwe mchuzi. Katazo la mfalme lilifutwa na mfalme; la Mola wetu halifutwi na mpishi.