Mlo wa Kimelea cha Malaria

Tangu mwaka 1880, Alphonse Laveran alipokiona kimelea cha malaria katika damu ya askari huko Constantine, Algeria, wataalamu walishughulika zaidi na namna kinavyoenezwa kuliko namna kinavyojilisha, ingawa chembe nyeusi zilizomvutia Laveran zilikuwa mabaki ya mlo wenyewe. Kimelea humeng'enya himoglobini, yaani protini ibebayo oksijeni katika chembe nyekundu za damu, kikatwaa asidi amino zake, na himu, sehemu yenye madini ya chuma ambayo ni sumu kwake, huigandisha kuwa fuwele nyeusi.

Utafiti ulipata msukumo mpya mwaka 1948, Ignace Vincke na Marcel Lips walipogundua katika panya wa mwituni wa Katanga, Kongo, kimelea kilichoitwa Plasmodium berghei, ambacho kiliweza kufugwa ndani ya panya wa maabara. Mwaka 1952 Brian Maegraith na wenzake wa Liverpool walionyesha kwamba panya waliolishwa maziwa matupu hawakuugua inavyotarajiwa, na mwaka uliofuata Frank Hawking (baba wa mwanafizikia Stephen Hawking) akabainisha sababu: maziwa yana upungufu wa asidi ya para-aminobenzoiki, na ilipoongezwa katika maziwa hayo vimelea vilistawi tena. Kimelea huitumia asidi hiyo kujitengenezea foleti, vitamini inayohitajika katika kuunda vinasaba, ilhali binadamu huipata foleti ikiwa tayari katika chakula. Waliotaka kueleza kwa hoja hiyo peke yake kwa nini malaria kali ni nadra kwa watoto wachanga wanaonyonya walikwenda mbali mno, kwa kuwa mtoto hukingwa pia na kingamwili za mama yake.

Dawa zilizotumika Afrika Mashariki zilikishambulia kimelea katika njia hizo hizo mbili. Klorokwini huzuia himu kugandishwa. Nayo sulfadoksini, iliyochanganywa na pirimethamini na kuchukua nafasi ya klorokwini nchini Kenya mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001, hukalia mahali pa asidi ya para-aminobenzoiki, hata foleti isitengenezwe.

William Trager na James Jensen walipofaulu mwaka 1976 kukuza kimelea cha malaria ya binadamu, Plasmodium falciparum, mfululizo nje ya mwili, iliwezekana kupima mahitaji hayo moja baada ya jingine, ikadhihirika kwamba kimelea, pamoja na kuzungukwa na himoglobini tele, hakina budi kuagiza isoleusini kutoka utegili wa damu, kwa maana asidi amino hiyo haimo kabisa katika himoglobini ya mtu mzima.